Chupa ya Pili

Zahanati, 6 Machi

Wifi yangu,

Miaka tisa tangu uolewe na mdogo wangu, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Nimeambiwa sanduku la baridi tunalopakia sampuli kila Alhamisi siku hizi unalifungua wewe mwenyewe, kwa mkono wako, basi nimeona nisiiache nafasi hiyo. Simu huku kwetu ukitaka ishike lazima ukasimame kwenye ngazi za tangi la maji, na mimi kwa magoti haya sipandi ngazi kwenda kuongea habari za makohozi.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu katikati ya mwezi uliopita naletewa watoto wanaokohoa, na si kikohozi cha mafua. Mtoto anakohoa mfululizo mpaka pumzi inamwishia, uso unageuka rangi, halafu anavuta hewa kwa mlio mrefu kama bawaba ya mlango iliyokauka, kisha anatapika. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita. Mlio huo niliusikia wodini nikiwa bado mwanafunzi, na haujanitoka masikioni hadi leo. Hiki ni kifaduro. Kinachonitatiza ni kwamba wengi wao wana miaka mitatu, minne, na kadi zao za chanjo zimejaa kila mstari, tena kwa mwandiko wangu.

Ndani ya sanduku kuna pamba za puani kumi na mbili, namba 1 hadi 12. Nitazamie vizuri, tafadhali. Na umsalimie Bwana Kesho. Mwambie dada yake bado anasubiri ile rafu ya dawa aliyoahidi kunitengenezea kabla hajakuoa.

Wifi yako,
Muuguzi wa chanjo


Maabara, 17 Machi

Wifi,

Barua imefika, pamoja na sampuli, na baridi ya sanduku ilikuwa sawa. Bwana Kesho nimemfikishia salamu zako. Amesema kesho.

Majibu rasmi yamo kwenye bahasha ya kaki. Kwa ufupi: sampuli kumi na mbili, kifaduro hakuna hata moja. Tatu hazikuota kitu. Tisa zimeota bakteria anayefanana na wa kifaduro, tunamwita ndugu yake. Huyo naye huleta kikohozi, lakini chepesi, na huondoka chenyewe. Najua hili silo jibu ulilolitaka. Mimi nasoma kinachoota kwenye sahani zangu, mlio wa kikohozi haunifikii huku.

Nasikia binti yako mkubwa amejifungua mtoto wa kike na yuko kwako kwa uzazi. Hongera kwa kuwa bibi. Mtoto anaendeleaje?

Wifi yako,
Fundi sanifu, chumba cha bakteria


Zahanati, 3 Aprili

Wifi yangu,

Mjukuu hajambo, mkubwa wa sauti kama marehemu babu yake. Ahsante kwa kuuliza.

Majibu yako nimeyapokea na nimeyabandika ukutani kama inavyotakiwa. Ila watoto hawajayasoma. Wanaendelea kukohoa vilevile. Nimekutumia namba 13 hadi 20 wiki iliyopita, na leo 21 hadi 26.

Juzi walikuja wawili kutoka ofisi ya afya, bwana mmoja na bibi mmoja, na viatu vyao visafi. Walikaa kwenye chumba changu cha chanjo saa tatu nzima. Wakafungua friji, wakapima joto lake, wakasoma daftari langu la joto ukurasa kwa ukurasa. Daftari hilo nalijaza asubuhi na jioni, na sijaruka siku hata nilipofiwa. Mwishoni yule bwana akavua miwani akanieleza kwa upole kabisa. Kama ni kifaduro, basi chanjo uliyowapa hawa watoto ilikuwa imeharibika, na mwenye friji ni wewe. Na kama si kifaduro, kama maabara wanavyosema, basi ni wewe unayewatia watu hofu. Nikamwambia, bwana mkubwa, nioneshe basi mlango wa tatu nitokee. Bibi mwenzake akacheka, yeye hakucheka.

Wamenipa mpaka mwisho wa Juni. Wakijiridhisha kwamba kosa ni langu, nitaondolewa kwenye chanjo nipelekwe kwenye dirisha la kadi. Wifi, mimi sina kazi nyingine ninayoijua kama hii. Watoto niliowachoma sindano zamani leo wananiletea watoto wao. Na mbaya zaidi maneno yameshatoka nje. Akina mama wanaambiana kwamba chanjo yangu ni maji. Siku ya chanjo nimezoea kuona akina mama thelathini kwenye benchi. Jana walikuja wanne.

Kwa hiyo nimechukua damu ya watoto ishirini niliowachanja mimi, kwa ruhusa ya wazazi wao, nazo zimo kwenye sanduku, zimefungwa pembeni. Angalia kama chanjo ilishika. Ukiniambia haikushika, nitakubali na nitaenda kwenye dirisha la kadi mwenyewe bila kusukumwa.

Wifi yako,
Mwenye friji


Maabara, 18 Aprili

Wifi,

Nianze na habari njema. Nimepima kingamwili kwenye damu zote ishirini, yaani ule ulinzi ambao mwili hujitengenezea baada ya chanjo. Kumi na nane zina kingamwili za kutosha, nyingine nyingi kuliko nilivyotegemea. Mbili ziko chini kidogo. Chanjo iliyoharibika haiwezi kutoa majibu kama haya. Friji yako haina kosa, na nimeandika hivyo rasmi, nakala kwa ofisi ya afya.

Sasa nyingine. Namba 13 hadi 31 nimezimaliza. Ni ndugu yake tena, karibu zote. Kwenye fomu za 27 na 31 uliandika "wiki tano" ukapiga mistari miwili chini yake. Najua mwongozo wenu: mtoto aliye chini ya wiki sita haanzishiwi dawa mpaka jibu langu lifike, maana dawa yenyewe inaweza kumdhuru tumbo, na jibu likiwa hapana anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa hiyo hizo mbili nilizisoma kabla ya zote. Zote mbili si kifaduro.

Kusema kweli naona hali yako ni ngumu. Friji imepona, lakini sasa lile neno la kutia watu hofu ndilo limebaki. Labda ungenyamaza kidogo mpaka upepo utulie. Nasema hivi kama ndugu.

Mjukuu hajambo? Bwana Kesho anataka picha.

Wifi yako,
Fundi sanifu


Zahanati, 8 Mei

Wifi,

Mtoto mmoja amefariki. Alikuwa na wiki saba. Alikuwa hapa kwetu kwenye chumba cha oksijeni akisubiri jibu lako, jibu likaja, nikamruhusu. Siku ya sita alikohoa akiwa mikononi mwa mama yake nyumbani, na pumzi haikurudi.

Sikulaumu. Nakuomba kitu kimoja tu. Nieleze kana kwamba unamweleza mtu asiyejua kusoma. Pamba yangu ikifika mezani kwako, unafanya nini hatua kwa hatua mpaka unaandika "si kifaduro"? Usiruke hata hatua moja.

Muuguzi


Maabara, 16 Mei

Wifi,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo naanzia ulipouliza.

Pamba yako naipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria hawa, cheusi kama lami kwa sababu ya makaa yaliyochanganywa humo. Naiweka kwenye joto la mwili. Siku ya nne au ya tano nikiona vidoa vidogo vinavyong'aa kama lulu, najua ni wa ukoo huu. Sampuli zako nyingi huota lulu hizo. Kisha nachota lulu moja, naivuruga kwenye tone la maji juu ya kioo, natia tone la seramu. Seramu hiyo ina kingamwili za kumtambua bakteria wa kifaduro. Akiwa ndiye, maji yanakatika vipunje kama maziwa yaliyoganda, kwa sababu kingamwili zimewakamata na kuwafunga pamoja. Asipokuwa ndiye, maji yanabaki laini. Za kwako zote zimebaki laini. Ndipo naandika kwamba ni ndugu yake.

Njia hii tumeitumia miaka kumi na moja na imebandikwa ukutani. Nimeirudia kwa sampuli zako tano ili nijiridhishe, na jibu ni lilelile.

Hukuniambia mjukuu anaendeleaje. Mume wangu naye anauliza.

Wifi yako,
Fundi sanifu


Zahanati, 22 Mei

Wifi,

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa natumwa kupeleka sampuli maabara, na nilikuwa mbea kama nilivyo sasa, nasimama mlangoni naangalia. Fundi wa kule, mwanamke mnene asiyependa kuulizwa, alikuwa akitumia chupa mbili. Moja ya kofia nyekundu, moja ya kofia ya kijani. Tone hapa, tone pale, vioo viwili. Naziona mpaka sasa.

Wewe umeniambia tone moja. Ya pili iko wapi?

Muuguzi


Maabara, 20 Juni

Wifi yangu,

Nimechelewa. Wiki ya kwanza nilichelewa kwa uoga, zilizofuata nilitaka nikuandikie nikiwa na hakika. Kaa kitako usome.

Chupa ya kofia ya kijani mimi ndiye niliyeiondoa.

Bakteria wa kifaduro ana nyuzi nyembamba kama vinyweleo mwilini mwake, na vinyweleo hivyo huja kwa aina. Vitabu vinaziita aina ya pili na aina ya tatu. Seramu ya kofia nyekundu inashika aina ya pili, ya kijani inashika ya tatu. Nilipofika hapa nikiwa mgeni na mwenye bidii za kupita kiasi, nilipekua daftari za miaka mingi nikaona kofia ya kijani haijawahi kumkamata mtu. Waliopatikana wote walikuwa aina ya pili. Nikaandika pendekezo tuiache, kazi iende upesi, majibu yatoke siku moja mapema. Mkuu wa maabara akakubali, nikapewa barua ya pongezi. Bwana Kesho, wakati huo bado mchumba wangu, aliitia fremu, na hiyo aliifanya siku ileile. Iko sebuleni kwangu, umeiona.

Kwa hiyo bakteria yeyote aliyekuja na vinyweleo vya aina ya tatu alipita mbele ya macho yangu, mimi namwandika "ndugu yake". Angekuwepo mwaka wa kwanza tu baada ya pendekezo langu, nisingejua. Sijui ameanza lini kuwa mwingi. Nimejifumba macho mwenyewe kisha nikaapa kwamba hakuna kitu.

Kuhusu damu za watoto wako ishirini, nako nilikosea, kosa la jamii ileile. Chanjo tunayoitumia imetengenezwa kwa bakteria wa zamani, wa aina ya pili. Kingamwili za watoto zimefundishwa kumjua huyo. Na mimi nilipozipima, nilizipima kwa bakteria wa zamani tuliyemhifadhi kwenye friza yetu, wa aina hiyohiyo ya pili. Zikamkamata sawasawa, nikafurahi. Ni kama kumpa mwanafunzi mtihani wenye maswali yaleyale aliyofanyia mazoezi. Safari hii nimezipima kwa bakteria aliyetoka kwenye namba 8, mtoto wa kwako huko. Kati ya ishirini, nne tu ndizo zilizomkamata vizuri.

Usije ukasikia kwamba chanjo ni bure, wala usiruhusu mtu aseme hivyo. Ndani yake kuna sehemu inayoufundisha mwili kuzuia sumu ya bakteria huyu, na sumu hiyo haijabadilika. Ndiyo maana watoto wako wenye kadi zilizojaa wanakohoa, wanatapika, na wanapona. Wanaoumia ni wachanga ambao hawajafikia sindano ya kwanza, wanaoambukizwa na kaka na dada zao. Akina mama wakikimbia chanjo itakuwa balaa juu ya balaa.

Chupa ya kijani nimeipata kwa wenzetu wa chuo kikuu, walikuwa nayo moja. Kila bakteria anayeota hapa tunamhifadhi kwenye kichupa ndani ya friza. Vichupa vya kutoka kwako vilikuwa thelathini na nne. Nimevipima kimoja kimoja, na nimemwita mwenzangu aangalie kila kioo bila kujua ni namba gani, maana macho yangu sikuyaamini tena. Ishirini na tisa vimeganda kwa kofia ya kijani. Orodha ya namba imo kwenye bahasha. 27 na 31 zimo.

Mkuu wetu alitaka tuandike "uhaba wa vifaa". Nikamwambia kifaa hakikuwa adimu, kilikataliwa, na aliyekikataa ni mimi. Nimeandika hivyo na nimetia saini yangu. Ofisi ya afya wamepata nakala, na waliotengeneza chanjo wameandikiwa wajue kwamba aina ya tatu sasa ndiyo inayotembea.

Yule mtoto aliyefariki, sijui ni namba gani. Nimeogopa kuuliza. Sasa nauliza.

Wifi yako


Maabara, 25 Julai

Wifi,

Wiki tano na hujajibu. Sanduku linakuja kila Alhamisi na sampuli zimefungwa vizuri kama kawaida, naona mwandiko wako kwenye fomu, lakini barua hakuna. Nimepekua hadi chini ya barafu.

Nasikia ofisi ya afya wamekuandikia barua ya kukusafisha. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Mimi nimetolewa kwenye chumba cha bakteria kwa muda, nasubiri kikao. Niko kwenye chumba cha kuoshea vioo. Naosha vizuri. Sanduku lako wameniachia nilifungue bado, kwa huruma tu.

Bwana Kesho ameniambia nisikuandikie, nikuache upumue. Safari hii sikumsikiliza. Kama umenikasirikia, niandikie matusi, nitayasoma. Umeninyima jibu la swali moja tu. Na lile la mjukuu umelikwepa tangu mwezi wa nne. Nilidhani unanidharau. Siku hizi nadhani ni kingine.

Wifi yako


Zahanati, 7 Agosti

Wifi yangu,

Sijakukasirikia. Ningekukasirikia ningekuandikia siku hiyohiyo, unanijua.

Barua ya ofisi ya afya ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote, kwenye kibaraza, na yule bwana wa miwani ndiye aliyeisoma. Imesema friji yangu ni safi, daftari langu ni la mfano, nitaendelea na chanjo. Mwongozo nao umebadilishwa: mtoto mchanga mwenye mlio ule anaanzishiwa dawa na oksijeni papo hapo, jibu la maabara litamkuta njiani. Watu walipiga makofi. Mfagiaji wetu alipiga vigelegele. Mimi nilisimama pale nikiangalia sakafu, wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa nikujibu yote mawili.

Mtoto aliyefariki ni namba 27. Mama yake ni fundi cherehani, kibanda chake kiko nyuma ya ukuta wa zahanati yetu. Namba 31 ni mjukuu wangu.

Walizaliwa wiki moja, wodi moja, vitanda vinavyopakana. Binti yangu na yule mama waliazimana hadi mablanketi. Na watoto wakaanza kukohoa siku mbili mfululizo, wa kwake kwanza, wa kwetu akafuata. Sikutaka ujue 31 ni nani. Nilijiambia sitaki useme nakusukuma kwa ajili ya damu yangu, sampuli zina namba ili zisiwe na ndugu. Hilo nilijiambia, na lina ukweli kidogo. Ukweli mwingine ni kwamba tayari nilikuwa nimeshafanya jambo.

Mjukuu wangu nilimwanzishia dawa siku ileile niliposikia mlio. Sikungoja pamba, sikungoja sanduku, sikungoja wewe. Nilichukua chupa rafuni nikaenda nayo nyumbani. Nikachukua na mtungi mdogo wa oksijeni tunaouweka kwa dharura. Nilijua mwongozo, mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi mwongozo huo. Jibu lako lilipokuja kwamba 31 si kifaduro, nilikunja karatasi nikaendelea na dawa mpaka siku ya kumi na nne.

Jibu la 27 lilikuja kwenye bahasha hiyohiyo. Karatasi ileile, saini ileile. Hiyo niliitii. Yule mama aliniuliza, muuguzi, una uhakika tuende? Alikuwa ameshafunga mzigo lakini hakusogea, ananiangalia mimi. Nikamwambia maabara wamesema si kifaduro. Wifi, mtoto alikohoa hapo hapo wakati nasema. Nikausikia mlio. Ulikuwa uleule niliokuwa nausikia nyumbani kwangu. Nikafungua mlango wakatoka.

Wewe ulikosea kwa sababu hukuona. Mimi niliona. Nilipokuandikia kwamba sikulaumu, ulifikiri ni upole. Nina aibu, wifi, aibu ya kulala nayo na kuamka nayo. Wiki hizi saba kila nikikaa kukuandikia nilikuwa naandika habari za friji, nachana.

Orodha yako ndiyo iliyonifungua. Kabla ya hapo ningeweza kuendelea kujidanganya kwamba labda 27 alikuwa na jambo jingine, labda moyo. Ulipoandika namba zote mbili kwenye mstari mmoja, pa kujificha pakawa hakuna. Tayari nimeiandikia ofisi ya afya nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe. Waamue wanavyoona. Dirisha la kadi si gereza.

Jumatatu nilimwendea yule mama. Sikuvaa sare. Alikuwa anashona pindo la suruali, akanipa kigoda, akaendelea kushona. Nikamwambia kilikuwa kifaduro. Nikamwambia karatasi ilikosea, na waliokosea wamekiri. Kitambaa kilikuwa kinapita chini ya sindano, hakuinua macho. Nikamwambia na yangu: kwamba siku ile nilisikia kwa masikio yangu, na kwamba wa kwangu nilimpa dawa bila kungoja. Hapo akaacha kukanyaga cherehani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa kutukanwa, hata kwa kupigwa mkasi. Hakuna hata kimoja. Akaniuliza kama mjukuu wangu yu mzima. Nikasema ni mzima. Akaniuliza ana miezi mingapi sasa.

Nikamwambia mitano.

Akasema, "Na wangu angekuwa nayo," akachukua suruali nyingine.

Wifi yako,
Muuguzi